Mwezi Wenye Uso

Dorotea alikuwa anatafuta sabuni siku alipoikuta ile picha.

Mwaka ule wa themanini na nne, sabuni pale Kibara ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Duka la ushirika lilibaki na mizani, rafu tupu na muuza duka aliyesinzia. Watu walifulia majani ya mpapai na majivu, na yeyote aliyeonekana na nguo safi alitazamwa kwa jicho la pembeni. Kanga za mama mkwe wake, Dafroza, zilikuwa safi siku zote. Basi yule mama alipokwenda Bunda kuuza samaki wake wa moshi, Dorotea aliingia nyumbani kwake, nyumba ya pili katika mji ule ule wa familia, akaanza kupekua.

Sabuni hakuiona. Ndani ya sanduku la bati, chini ya gauni la kanisani, alikuta kadi ngumu yenye ukubwa wa kiganja. Akaisogeza mlangoni penye mwanga.

Juu kulikuwa na mwezi, na mwezi ule ulikuwa na uso wa mtu mzima aliyenuna, macho ameyashusha chini. Chini ya mwezi wanyama wawili walikuwa wameinua midomo wakilia. Mmoja alikuwa mbwa. Wa pili Dorotea alimwona ni fisi. Nyuma yao ilisimama minara miwili, na mbele yao, kutoka majini, kidudu kama kaa chenye mikono ya kubana kilikuwa kinapanda kuja nchi kavu.

Akakaa sakafuni.

Florian, mwanawe wa mwisho na wa kiume peke yake baada ya mabinti wawili, alikuwa amefariki kwa surua msimu wa mvua. Usiku ule wa mwisho mbwa wa jirani alilia mpaka sauti ikamkauka. Dorotea alichungulia dirishani, mtoto anamwungua mikononi, akamwona mama mkwe wake amesimama peke yake uani. Uso ulikuwa umeelekea ziwani, mikono imeinuka kidogo, na mwezi umempiga mwili mzima. Kulipopambazuka Florian hakuwepo tena. Dorotea hakumweleza mtu alichokiona. Alitembea nacho kama mwiba uliokatikia ndani ya nyama. Sasa picha ilikuwa mkononi mwake, na kila kitu cha usiku ule kilikuwemo: mwezi, mbwa, ziwa, na kitu kinachotoka ziwani.

Hakuirudisha sandukuni. Aliificha kwenye kanga akaenda kwa jirani yake, Hyasinta, ambaye mume wake alitoka kuvua mwaka uliotangulia na hakurudi.

"Mama yangu!" Hyasinta alisema, akairudisha haraka kama imemchoma. "Hii si ya kanisani. Hii wanatumiaga wenyewe."

"Wenyewe kina nani?"

"Unaniuliza mimi, Mama Florian? Yale macho yake huyaonaga?"

Macho ya Dafroza yalikuwa mekundu. Alikuwa ameyachosha kwa miaka juu ya moshi wa kukausha samaki, na wanawake wote wa kazi ile walikuwa nayo vilevile. Dorotea alilijua hilo vizuri. Lakini Hyasinta alivyolisema kwa sauti ya chini, likawa kama jambo jipya.

"Usimwambie mtu," Dorotea alimsihi.

Hyasinta alifanya ishara ya msalaba. Kabla ng'ombe hawajarudi zizini, habari ilikuwa imefika mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi.

Ulikuwa wakati wa hofu, na hofu ile haikuanzia kwao. Ziwa lenyewe lilikuwa limebadilika. Samaki waliozoeleka, furu na ningu, walikuwa wanapotea, na nyavu zilileta sangara, samaki mgeni mwenye urefu wa mtoto na macho yanayowaka kwenye giza. Wengine waliapa kwamba tumboni mwake wamekuta kidole cha mtu. Zahanati ilikuwa imeishiwa dawa. Chumvi ilikuwa ya kubahatisha. Watoto walizikwa wakifuatana, na kila alipozikwa mmoja, waliobaki makaburini walisogeleana wakaulizana ni nani. Hawakuuliza ni nini. Waliuliza ni nani.

Jioni ile ile mume wa Dorotea, Alfonce, alimwambia, "Nionyeshe."

Aliitazama ile kadi muda mrefu. Alikuwa mwanaume mpole, mvuvi mwenye mabega mapana, mtoto pekee wa Dafroza aliyebaki hai. Akaitia mfukoni, akatoka, akaipeleka kwa Mseti, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji. Tangu siku hiyo aliacha kula chakula cha mama yake.

Dalili zilianza. Wateja walipita mbele ya samaki wa Dafroza bila kuuliza bei. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye peke yake. Asubuhi moja akakuta kizingitini kichwa cha sangara, mdomo umefungwa kwa kamba ya katani. Dorotea, aliyekuwa anafagia, alisimama kama mti. Dafroza aliinama, akakikagua kile kichwa, akaikata ile kamba.

"Kichwa kizima," alisema. "Na watu wanasema kuna njaa." Akakipika supu, akanywa mwenyewe.

Kisha Kwangu akaja. Alikuwa mganga wa upande wa Butiama, mwenye koti jeusi hata juani, na Mseti ndiye aliyekwenda kumwita. Ikatangazwa kwamba Jumamosi watu wote wakutane kwenye ghala la pamba. Hakuna aliyesema mkutano ni wa nini.

Siku moja kabla, Dafroza alimwita Dorotea amsaidie kugeuza samaki. Tanuri lilikuwa nyuma ya nyumba, moshi unatambaa chini kwa chini.

"Ile kadi yangu," Dafroza alisema bila kugeuka. "Umeshamaliza kuiangalia?"

Dorotea akamwangusha samaki majivuni.

"Muokote, ni chakula," Dafroza alisema. "Sikulaumu. Na mimi ilinitishaga. Nilipewa na Mama Lisbeti, mke wa yule daktari Mholanzi niliyempikia kule Musoma. Alikuwa nazo nyingi. Si za kamari. Kila moja ina picha yake na maana yake, na kila asubuhi alizitandika mezani kabla ya chai, aone siku imekaaje. Mume wake akitaka kwenda visiwani kutibu watu, hiyo ndiyo inatoka. Kesho hiyo. Keshokutwa hiyo. Mpaka yule mama akawa anamwona mume amezama, na mume yuko mezani anakula mkate."

"Alizama?"

"Nani? Walirudi kwao wazima wote wawili. Ila mama mwenyewe alikuwa ameisha kwa hofu, amebaki mifupa. Siku ya kuondoka akaichomoa hiyo, akanipa. Akasema, Dafroza, nikiitoa hii, zile zingine hazinisemeshi tena."

Dorotea alimgeukia. "Na maana yake ni nini, mama?"

Dafroza aliketi kwenye gogo, akapangusa macho yale mekundu kwa pindo la kanga.

"Nilimuuliza. Akasema mwezi si jua. Unakuonyesha nusu, na nusu nyingine unajazia mwenyewe, na mtu mwenye uchungu anajazia kwa uchungu wake. Hawa wanyama wawili hawako nje. Wako ndani ya mtu. Mmoja umemfuga, mwingine hujamfuga, na hofu ikija wanalia sauti moja, huwezi kujua yupi ni yupi. Huyu wa majini ni kile ulichokizamisha ukadhani kimekufa. Kinapandaga tu. Akasema, kadi hii haimtaji mtu. Haisemi nani mbaya. Inakwambia wewe uliyeishika: saa hii huoni vizuri, usiamue neno, fuata njia taratibu mpaka kukuche."

"Njia ipi?"

"Iko pale katikati, inapita kati ya mbwa na mwenzake, inaelekea milimani. Hukuiona?"

Dorotea hakuwa ameiona. Alikuwa ameitazama ile picha mpaka ikamwingia usingizini, na njia hakuiona. Na lile jambo alilolibeba tangu msimu wa mvua likamtoka lenyewe.

"Mama, usiku ule Florian anakufa, ulikuwa unafanya nini uani?"

Dafroza alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Nilikuwa nalia, mwanangu. Ningelilia wapi? Mbele yako, na wewe umembeba mtoto? Nilitoka nje nikamwambia Mungu mimi nimezeeka, anichukue mimi. Hakutaka."

Moshi uliwafunika. Dorotea alipiga magoti pale pale majivuni, akamshika yule mama miguu. Aliponyanyuka alisema, "Uondoke leo. Sasa hivi. Nitakusindikiza mpaka Bunda."

"Kaangalie barabarani," Dafroza alijibu.

Dorotea akaenda. Kwenye njia ya kutokea, vijana wa Mseti walikuwa wameketi juu ya mawe, mishale mapajani, wanakula miwa. Walimwamkia kwa heshima.

Jumamosi jua lilikuwa kali na anga haina wingu. Ghala lilijaa mpaka nje. Dafroza alikalishwa mbele kwenye kiti kidogo, mikono mapajani, amevaa lile gauni la kanisani. Wanaume walisimama kuzunguka mlango, na Alfonce alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameshika panga. Dorotea alimtafuta macho mumewe, asiyapate.

Kwangu aliinua kadi juu, akaizungusha watu waione.

"Mnaona wenyewe," alisema polepole, kama mtu anayewasomea watoto. "Huyu mbwa ni mwenye mji, anabweka, anaonya. Huyu fisi ni mtu wa mji huo huo, anakula vya ndani. Hiki cha majini ni kitu kinachotumwa. Kinafuata mtoto, kinafuata mvuvi. Na huu uso ulio juu, ni uso wa mwenye kukituma. Mtazameni huyu mama, halafu mtazame huu uso."

Watu walitazama. Hyasinta alianza kulia kwa sauti, akimtaja mumewe. Mlio ukapita kutoka mtu hadi mtu, na Dorotea alihisi ghala zima linapumua kwa pamoja. Alimwona Mseti anawatikisia kichwa wanaume wa mlangoni. Alimwona Alfonce anabadilisha panga kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

"Hiyo kadi ni yangu," Dorotea alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasogea mbele, akapaza sauti.

"Nasema ni yangu! Nilipewa na Mzungu mmoja kule Musoma. Mama hakuijua. Mimi ndiye niliyeiweka kwenye sanduku lake."

Kwangu alimpima kwa macho kuanzia miguuni.

"Basi ni wewe uliyemla mwanao."

"Nani alimwogesha Florian maiti?" Dorotea aliuliza, na hakuwa anamuuliza Kwangu. Alikuwa amewageukia watu. "Si mimi? Nani alimfunga kidevu? Mseti, wewe ulichimba kaburi. Nilikukabidhi mwili kwa mikono hii, ukaniambia Mama Florian, jikaze. Kama nimemla, njoo unishike wewe uliyeniambia nijikaze. Njoo basi!"

Mseti hakusogea. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti nene, lakini pale alitazama vidole vya miguu yake. Kumshika mwanamke mzee mwenye macho mekundu, ambaye kila mmoja alikuwa ameshajiandaa kumshika, lilikuwa jambo jepesi. Huyu alikuwa mwanamke kijana waliyezika naye mtoto, na alikuwa anawatazama mmoja mmoja mchana kweupe. Watu wa nyuma wakaanza kutoka. Hyasinta alikuwa amenyamaza.

"Muondoke," Mseti alisema mwishoni. "Wewe na yeye. Jua lisizame mkiwa hapa."

Dafroza aliinuka, akajipangusa vumbi. Alipompita mwanawe mlangoni alisimama kidogo, kisha akaendelea. Alfonce hakuinua uso. Dorotea aligeuka mara moja na kumwona Kwangu anaitia ile kadi ndani ya koti lake jeusi. Hakuidai. Siku ile alitaka uhai tu.

Walikwenda Musoma na mabinti wawili wa Dorotea, wakapata kiwanja cha kupanga Bweri, pembeni ya mji, wakati huo ni mashamba ya mihogo na nyumba moja moja. Wakaanza upya na lile lile walilolijua. Walinunua sangara mwaloni, wakawakausha, wakauza. Watu walikuwa wameacha kumwogopa yule samaki, sasa walimgombania. Miaka miwili baadaye maduka ya mjini yalijaa tena, na kwa Mzee Yunusu, mfanyabiashara wa karibu na soko, sabuni za rangi zilipangwa dirishani mpaka barabarani zikanukia. Dorotea alinunua kipande cha kwanza, akakaa nacho mkononi njia nzima, na hakufurahi kama alivyodhani angefurahi.

Alfonce alikuja siku moja, amekonda. Mama yake alimkaribisha, akamwekea chai yenye sukari nyingi, akamuuliza habari za nyavu. Dafroza alipotoka kuchukua kuni, Dorotea aliuliza.

"Lile panga lilikuwa la nini?"

Alfonce alikizungusha kikombe mezani.

"Sijui," alisema.

"Nisingesema ile kadi ni yangu, je?"

"Nakwambia sijui, Mama Florian. Ningekuwa najua ningekuwa nalala." Akaangua kilio, mwanaume mzima, na Dorotea akamwacha alie. Hakumfukuza. Hakumwambia abaki. Jioni Alfonce alirudi Kibara.

Habari nyingine ililetwa na mwanamke aliyekuja kununua samaki. Katika kijiji kimoja upande wa Butiama bibi mmoja alikuwa ameuawa kwa mapanga akiwa shambani kwake, na mganga aliyemtaja alikuwa na picha ya mwezi unaoona watu. Mwanamke yule alisimulia huku akichagua samaki. Dorotea hakumsikia alipouliza bei.

"Usiende kuifuata ile kadi," Dafroza alimwambia usiku huo.

"Mama, mimi ndiye niliyeitoa sandukuni."

Alipanda gari la asubuhi. Mji wa Kwangu haukuwa mgumu kuupata. Watu walikuwa wanaelekea huko kwa makundi, wengi wakiwa wamebeba watoto. Uani walikaa kwenye mkeka wakisubiri, hawaongei. Kwangu alimtambua mara moja, akatabasamu.

"Umefuata mali yako," alisema, na kabla Dorotea hajajibu, akaitoa kadi kwenye koti na kumpa. "Chukua. Ulisema mwenyewe mbele ya watu kuwa ni yako."

Dorotea aliipokea. Ndipo alipoona kwa nini imekuwa rahisi hivyo. Ukuta mzima wa nyumba ya Kwangu ulikuwa umechorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Mwezi ulikuwa mkubwa kama sinia, macho umeyashusha juu ya wale waliokaa mkekani. Mbwa alikuwepo, na fisi mwenye meno. Kidudu cha majini kilikuwa kikubwa kuliko wote. Njia haikuwepo. Mahali pake Kwangu alikuwa amepajaza maji.

Watu walikuwa wamemwona akipokea kadi, na waliokuwa karibu naye walijivuta pembeni. Aliichanachana ile kadi mbele yao, lakini hakuna aliyeangalia. Wote walikuwa wanaangalia ukuta.

Alikuwa anatoka uani alipopishana na mwanamke mmoja aliyekuwa ameshamaliza kuonwa na Kwangu. Alikuwa kijana, na mtoto mgongoni alikuwa na midomo iliyokauka.

"Mtoto ana nini, dada?" Dorotea aliuliza.

"Anahara." Kisha yule mwanamke akasema kama aliyeko ndotoni, "Mzee ameniambia. Ni mama mkwe wangu."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani. Anapika."

"Na waliokusindikiza?"

Mwanamke alielekeza kwa kidevu. Upande wa pili wa ua wanaume watatu walikuwa bado wanazungumza na Kwangu, mmoja wao anahesabu noti.

Dorotea alimshika mkono. "Unaitwa nani?"

"Mama Leodgar."

"Mama Leodgar, mtoto huyu anataka maji yenye chumvi na sukari, na anataka hospitali leo hii. Sukari ipo siku hizi, nitainunua mimi. Lakini kwanza nipeleke kwako, twende upesi. Njia fupi iko wapi?"

Yule mwanamke aligeuka kuutazama ukuta. Alisimama hivyo mpaka Dorotea akadhani hatakuja. Mtoto akakohoa kidogo, kikohozi kikavu kisicho na nguvu.

"Tupite mtamani," alisema.

Walipita shambani kwa mwendo wa karibu kukimbia, mtama unawapiga usoni. Walimkuta yule bibi anasonga ugali, hajui kitu. Alipoambiwa alikataa kuamini, akasema wanaume hao ni watoto aliowazalisha mwenyewe. Dorotea hakubishana. Aliepua sufuria, akamvika kanga mabegani, akamtoa kwa mlango wa nyuma. Walikuwa wamefika kwenye barabara ya magari waliposikia nyuma yao, upande wa nyumbani, mbwa wanabweka na sauti za wanaume zinauliza.

Lori la pamba liliwachukua. Mtoto alilazwa hospitalini Musoma, akapona. Yule bibi alikaa Bweri akikausha samaki pamoja na Dafroza, na kwao hakurudi mpaka alipokufa. Katika miezi iliyofuata Dorotea alikwenda polisi kueleza habari za Kwangu, wakamsikiliza, wakamwambia alete ushahidi. Ukuta uliendelea kuwepo. Watu waliendelea kwenda.

Na Dorotea naye aliendelea kwenda. Kila alipopata nauli alipanda gari la Butiama, akakaa kando ya ile njia ya mtamani na chupa ya maji ya chumvi na sukari, akiwangojea wanawake waliokuwa wanatoka uani kwa Kwangu. Wengine walimfukuza kwa mawe. Baadhi walisimama.